Ulimi wa Kuazima

Sehemu ya Saba

Mliniacha wodini, mgongo ukutani, daktari ameshika faili la mama mkwe wangu na swali moja tu mdomoni: "Bibi anakula nini nyumbani?"

Wengi wenu mmeniandikia wiki hii nzima kunipa pole. Ahsanteni. Lakini hizo pole ziwekeni pembeni kwanza. Mkishamaliza ya leo mtaamua wenyewe kama ni zangu au ni za mtu mwingine.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi naoka keki nyumbani na kuuza. Wateja wananiita Mama Keki. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Aliuza pikipiki yake ili oveni iingie ndani, na tangu siku hiyo anakwenda kazini kwa miguu, sanduku la vyuma begani. Mama yake tunaishi naye. Ana kisukari. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na kidonda kilichogoma kupona, mpaka asubuhi ile alipoanguka mlangoni pa jiko tukambeba kumkimbiza hospitali.

"Anakula nini?" daktari akarudia. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Mume wangu akanigeukia. Mama mkwe naye akanitazama, kichwa juu ya mto.

"Mboga za kuchemsha," nikasema. "Maharage. Kipande cha samaki. Matunda kidogo, yale mliyoturuhusu."

"Sukari?"

"Haigusi."

Nililitamka hilo neno bila hata kumeza mate. Haigusi! Na asubuhi hiyohiyo, kabla hajaanguka, alikuwa amekwisha kula vijiko vinne vya krimu na vipande viwili vya keki ya kahawa.

"Mke wangu mkali, daktari," mume wangu akadakia, tena kwa fahari. "Hata chai anampa bila sukari. Kuna siku mpaka mimi namwonea mama huruma."

"Ni kweli, bibi?"

Mama mkwe akavuta shuka mpaka kidevuni. "Mkamwana wangu ananitunza. Sina la kulalamika."

Mmesikia? Hakujibu swali. Yule mama hajapata kusema uongo wa moja kwa moja maishani mwake. Huo alikuwa akiniachia mimi.

Daktari akafunga faili. "Basi kosa ni la dawa. Mtu akila hivyo halafu sukari ikawa juu namna hii, vidonge vimeshindwa kazi. Tunaanza sindano leo, na tunaanza na dozi kubwa. Tusipoishusha sukari haraka, huu mguu tutaukosa."

"Kuukosa vipi?" akauliza mume wangu.

"Tutaukata."

Mume wangu akakaa sakafuni pale pale, mtu mzima na heshima zake, akajishika kichwa. Nilitakiwa nifungue mdomo dakika ile. Niseme, daktari, subiri, nimekudanganya. Badala yake nikainama, nikampapasa mume wangu bega, nikamwambia, "Jikaze baba, mama atapona." Nikaonekana mke mwema.

Sasa niwaambie ilivyoanza.

Miezi saba iliyopita niliugua mafua makali. Yalipoondoka yakaondoka na pua yangu na ulimi wangu. Sisikii harufu, sisikii ladha. Sukari na majivu kwangu ni kitu kimoja. Nikasema, itarudi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hata leo ninapoandika haya, bado.

Muoka keki asiye na ulimi! Jamani, chekeni kama mnataka, mimi nililia.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mume wangu. Kwa sababu kila jioni alirudi viatu vimejaa vumbi, akavivulia mlangoni, akachungulia jikoni na kuuliza kwa utani, "Haya, pikipiki yangu inasemaje leo?" Maana yake oveni. Ningemjibu nini? Kwamba pikipiki yake imekufa mdomoni mwangu?

Basi nikawa naoka kwa kukisia. Vipimo navijua, mkono unajua. Nikajiona mjanja, mpaka siku Mwalimu, mteja wangu wa mtaani, aliporudisha keki ya mwanawe. Aliibeba mwenyewe na boksi lake, akaiweka juu ya meza yetu ya sebuleni.

"Mama Keki," akasema, "hebu niambie. Hii ulitaka tuile au tuiwashe?"

Chupa ya mafuta ya taa ilikuwa imevuja karibu na mfuko wa unga. Jiko zima lilinuka. Mimi nilishinda humo siku mbili, nikakanda, nikapamba, nikaandika na jina la mtoto juu yake, nisisikie kitu.

Mwalimu alipoondoka, mama mkwe akaja jikoni akijikongoja. Akanusa unga. Akaninusa na mimi.

"Mwanangu, huisikii hii?"

"Naisikia, mama."

"Nini hii?"

Machozi yakanitoka, nikamwambia yote. Nilidhani atamwita mwanawe. Hakumwita. Alifunga mlango wa jiko, akavuta kigoda, akaketi.

Lazima mumjue huyu mama. Alipika shule ya bweni miaka thelathini na moja. Watoto mia sita, sufuria ambazo mtu mzima anaoga ndani, na yeye ndiye aliyekuwa akionja, kijiko kimoja, mara moja, akasema ongeza hiki, punguza kile. Hakukosea. Tangu alipostaafu alikuwa mtu wa kukaa sebuleni akiangalia ukuta, akiletewa mboga zake za kuchemsha.

"Basi nitakuwa ulimi wako," akasema.

"Na kisukari, mama?"

"Nitaonja na kutema. Nani amekufa kwa kutema?"

Tukala njama, mkwe na mkamwana. Nikamtafutia kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Akawa anakaa kwenye kigoda, kopo magotini, mimi namletea kijiko. Anafumba macho. Anatafuna. Anatema koponi, anafunika, anatoa hukumu.

"Chumvi. Keki yako haina chumvi, ndiyo maana utamu wake umelala."

Au: "Ndimu umeipa cheo kikubwa mno. Ishushe."

Na mimi nikashusha. Nikapandisha. Keki zikarudi. Tena zikarudi zikiwa bora kuliko nilipokuwa na ulimi wangu mwenyewe, na hilo liliniuma kidogo, sitawaficha.

Hapo ndipo nilipoanza upuuzi wa maoni.

Nilianza kutia kikaratasi ndani ya kila boksi: *Sema kweli. Mimi sikasiriki.* Nikafungua na kundi la wateja kwenye simu. Wee! Yakamiminika. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaandika: "Nilikuwa natafuna keki yako nikamkata mteja sikio. Naye alipoonja akanisamehe." Dada mmoja akaandika: "Mume wangu amekula kipande akasahau tulikuwa tumenuniana." Mwalimu mwenyewe akarudi, akaandika, "Hii tumeila. Hatukuiwasha."

Kichwa kikavimba. Nilikuwa nayasoma asubuhi kabla ya kunawa uso. Nilimsomea mama mkwe naye akawa anacheka mpaka anakohoa, kwa sababu zilikuwa sifa zake, na ni sisi wawili tu tuliojua.

Lakini wateja wakiambiwa waseme kweli, watasema. "Ya limao imezidi uchachu." Nikakoroga upya, mara tatu, mara nne, mpaka ikae sawa. "Krimu nzito." Nikaanza tena. "Ya kahawa inaacha uchungu mwishoni." Haya, tena. Mtu mwingine angesema wateja wamezoea kudeka, akalala usingizi wake. Mimi sikulala. Nilitaka kila mmoja wao aandike *hakuna kama wewe*. Na kila nilipokoroga upya, nani alionja? Kila maoni ya mteja yalikuwa kijiko kingine kinywani mwa mgonjwa wa kisukari, na mimi niliyaomba hayo maoni kama mwehu.

Siku moja niliinua kopo nikalioshe. Lilikuwa jepesi. Nikafungua kifuniko. Kavu.

"Mama, leo hukutema?"

Akacheka kama msichana aliyefumaniwa. "Keki huijui mpaka ifike kooni, mwanangu. Ladha ya mwisho iko huku chini. Ukitema unajua nusu."

Ningesema basi. Ningelifunga jiko siku hiyo. Unajua nilifanya nini? Nilicheka naye. Nikaliosha lile kopo kavu, nikalifuta, nikalirudisha mahali pake. Kesho yake likawa kavu tena, nikaliosha tena. Miezi mitatu niliosha kopo kavu kila jioni, ili nikiulizwa niseme naliosha kila jioni.

"Tangu nistaafu," aliniambia mara moja, "hakuna mtu aliyeniuliza kama chumvi imetosha." Na mimi nikalichukua neno hilo nikajifunika nalo. Nikajiambia namfurahisha mama wa watu. Kidonda kilipotokea kwenye kidole nikajiambia ni kiatu.

Haya, turudi hospitali. Kesho yake ya kulazwa sukari ilishuka. Daktari akafurahi, mume wangu akafurahi, mimi nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, unaona? Mwongo nimekuwa, lakini sindano inafanya kazi, mguu utapona, na hakuna atakayejua.

Siku ya tatu asubuhi simu ikalia. Mama wa Bi Harusi.

Huyu ni mama ambaye mtaa mzima unaogopa ulimi wake. Bintiye anaolewa, anataka keki ya ghorofa tatu.

"Nakuja leo saa tisa kuonja," akasema. "Nikiridhika, harusi zote za ukoo wetu ni zako. Nisiporidhika nitasema. Na unanijua, mimi nikisema nasikika."

Ningemwambia nina mgonjwa. Mtu yeyote mwenye akili angesema hivyo. Nikamwambia, "Karibu sana, mama."

Nikaoka. Ilipopoa nikaikata, nikaikodolea macho. Ilikuwa nzuri kwa macho, imeumuka vizuri, rangi safi. Ndani yake kuna nini, Mungu ndiye aliyejua. Mume wangu alikuwa anafunga viatu aende kazini, nikamwekea kipande mdomoni.

"Ikoje?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

"Tamu ya keki."

"Chumvi je?"

Akaacha kutafuna. "Kwani keki ina chumvi?"

"Nenda kazini, baba."

"Umeniuliza, nimekujibu, unanifukuza!" Akanipiga begani kwa utani. "Nitapitia kwa mama mchana. Msalimie ukitangulia."

Nilibaki peke yangu na ile keki. Ningemwita Kinyozi aonje. Lakini Kinyozi angeuliza, kwani wewe mwenyewe huna mdomo? Na saa sita mchana kijiwe chake chote kingejua. Nikakata kipande kidogo, nikakifunga kwenye karatasi, nikakitia kwenye mkoba. Kisha nikachukua na kopo.

Ndiyo. Nilikuwa nampelekea mgonjwa wa kisukari keki, wodini, siku ya tatu ya sindano. Rudieni kusoma msije mkadhani macho yamewadanganya. Njia nzima nilikuwa najiambia, atatema. Safari hii nitasimama mbele yake mpaka ateme.

Nilimkuta amehamishiwa kitanda cha dirishani. Kakaa, kitambaa kichwani, kanuna. Sahani ya asubuhi ilikuwa kando yake imefunikwa, haijaguswa.

"Mama, hukula?"

"Kile chakula?" Akabetua midomo. "Mpishi wao hajui kitu. Maharage kayachemsha kama anayafua. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna adabu."

"Na sindano wamekuchoma?"

"Wamenichoma tangu asubuhi. Wale hawakosi."

Nilisikia, lakini sikusikiliza. Mtu ambaye akili yake iko mahali pake angeshtuka. Kachomwa sindano ya kushusha sukari, dozi kubwa, halafu hakula! Lakini mimi mkono wangu ulikuwa mkobani.

"Mama, nina shida kidogo."

Uso wake ukafunguka hapo hapo. Hakuhitaji kuambiwa. "Umeleta?"

"Kidogo tu. Ila leo utatema. Niapie."

"Lete, mwanangu. Lete kabla yule muuguzi hajarudi."

Akanyoosha mkono. Ule mkono ulikuwa unatetemeka. Nikamtazama vizuri. Jasho lilikuwa limemtoka usoni na shingoni, gauni la hospitali limeloa kifuani, na hapakuwa na joto.

"Mama?"

"Zima moto," akasema.

"Moto gani?"

"Maziwa yanafurika! Wewe, msaidizi, zima moto, watoto watakunywa nini?"

Macho yake yalikuwa yananitazama mimi na hayanioni. Nikapiga ukelele. Muuguzi, mama mnene wa makamo, akaja mbio viatu vikipiga sakafu, akamchoma kidole, akatazama kile kimashine cha kupimia sukari.

"Imeshuka mno! Huyu hajala?"

"Hajala."

"Una kitu kitamu hapo? Soda, pipi, chochote! Mpe sasa hivi angali anameza. Mimi nakimbilia dripu." Akatoka.

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya keki, ndani ya mkoba. Haukutoka.

Dirishani nilimwona mume wangu anakatiza uwanja wa hospitali, sanduku lake begani, anakuja. Nikitoa keki, ataniuliza, umeleta keki ya nini kwa mama? Nikawaza mlango. Nikawaza kantini, nikimbie nikanunue soda, nirudi nayo, niwe mkwe aliyekimbilia soda. Nikapima umbali wa kwenda na kurudi. Wasomaji wangu, nilisimama pale napima umbali, pumzi tano, sita, na mama wa watu anakwenda mbele ya macho yangu. Hilo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo.

Kichwa chake kikaangukia upande. Ndipo mkono ukatoka.

Nikachana karatasi, nikabomoa keki kwa vidole, nikamwekea mdomoni. "Tafuna, mama. Meza. Usiteme, meza! Nakuomba meza."

Akameza. Nikampa tena. Krimu nikampaka kwenye midomo, akailamba. Nikampa tena.

"Unamlisha nini mama?"

Mume wangu. Alikuwa mlangoni, sanduku limemdondoka. Akanifikia kwa hatua mbili, akanidaka mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Keki? Unampa mama keki? Una wazimu wewe?"

"Mwache!" Muuguzi alikuwa nyuma yake na chupa ya dripu. "Mimi ndiye niliyemwambia. Sukari imeshuka, angetufia hapa. Sogea nifanye kazi."

Akafanya kazi. Tulisimama pembeni mimi na mume wangu kama watoto waliofukuzwa darasani. Dripu ikaanza kushuka. Taratibu ule mtetemo ukatulia. Muuguzi akamchoma tena kidole, akasoma, akapumua kwa kelele.

"Inapanda. Bahati yenu." Akanigeukia. "Usingekuwa na hiyo keki, dada, sijui tungekuwa tunasema nini sasa hivi." Kisha akainama, akadokoa punje iliyobaki kwenye karatasi, akaionja. "Na tamu! Unauza?"

Mume wangu akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakiweka kifuani pake. Alikuwa analia.

"Nisamehe mke wangu. Mungu ndiye aliyekuweka nyumbani kwangu."

Na mimi nikaupokea msamaha ule. Nikaupokea wote. Nikasema, "Ni wajibu wangu, baba."

Daktari akaingia, ameitwa. Muuguzi akamweleza. Akanipa mkono. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanisifu, mmoja akasema wakwe wa siku hizi hawako hivi. Maoni mazuri kuliko yote niliyopata kupewa, na sikuwa nimeweka hata kikaratasi.

Ndipo mama mkwe, macho ameyafumba, akasema kwa ile sauti yake ya jikoni:

"Chumvi imepungua."

Wodi ikacheka. Hata daktari. Mume wangu akajifuta machozi, akasogea kitandani. "Umerudi, mama! Umerudi na ukorofi wako!"

"Imepungua kidogo," akaendelea, taratibu, mtu anayefikiri. "Ya juzi ilikuwa sawa. Hii amekosea kwa sababu sikuwepo."

Kicheko cha mume wangu kikaishia njiani. "Ya juzi, mama?"

"Ile ya kahawa. Lakini ya limao bado, mwambie mkeo asiitoe. Wamemlalamikia. Nikirudi nitaionja tena, kama kawaida." Akapapasa magoti yake juu ya shuka. "Kopo langu liko wapi?"

Mume wangu akageuka. Akautazama mkoba wangu, kisha ile karatasi ya keki iliyofungwa nyumbani kwa uangalifu. Nikaiona akili yake ikifika mahali, hatua moja baada ya nyingine.

"Keki hii," akasema polepole, "ulimletea nani?"

Daktari alikuwa amelifungua faili upya, akanigeukia mimi. "Mama, uliniambia sukari haigusi."

Nilikuwa na nafasi ya pili. Wangapi hupewa nafasi ya pili? Nikaitumia hivi.

"Anaonja tu, daktari. Ananisaidia kuonja. Anaonja halafu anatema." Nikavuta kopo mkobani, nikaliinua juu wote waone. "Anatemea humu. Naliosha mwenyewe kila jioni."

Mume wangu akalichukua, akafungua kifuniko, akaingiza vidole ndani. Akavitazama.

"Kavu," akasema.

"Leo hajatema! Leo alikuwa mgonjwa!"

"Sikilizeni," daktari akasema. Hakupaza sauti, na ndivyo ilivyotisha. "Mimi sitaki ugomvi wenu. Nataka jambo moja. Kama bibi alikuwa anatema, sindano yangu haina kosa, kosa la leo ni kutokula, na dozi inabaki ileile. Kama alikuwa anameza, basi sukari ile ilikuwa ya keki, na hii dozi ni kubwa mno kwake. Nikimrudishia jioni, haya ya leo yatarudi, na usiku muuguzi anaweza asiwahi." Akamwinamia mama mkwe. "Bibi. Ulikuwa unatema, au unameza?"

Mama mkwe akafumbua macho. Hakumtazama daktari. Hakumtazama mwanawe aliyeshika kopo. Alinitazama mimi, muda mrefu, vile anavyoifikiria keki kabla hajaihukumu. Simu ikatetemeka mkobani mwangu, ikaacha, ikatetemeka tena. Nilijua ni Mama wa Bi Harusi.

Mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukaushika wangu, ukaubana. Nyamaza.

"Natema, daktari," akasema yule mama ambaye hajapata kusema uongo. "Kila mara. Mkamwana wangu ananisimamia."

Mume wangu akashusha pumzi, akafunika kopo.

Daktari akatikisa kichwa kukubali. Akatoa kalamu, akaanza kuandika dozi ya jioni.